Kiangazi cha Mufindi: namna ya kuyapanga maji machache kwenye shamba dogo la chai

Mvua za Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, zikikata mwezi Mei, usizitarajie tena hadi Novemba, na miaka mingine hadi Desemba. Kiangazi hicho kirefu kina sura mbili. Juni hadi Agosti ni kipupwe: ukungu, baridi ya kuuma vidole, jua la kubahatisha. Septemba hadi Novemba ni joto kavu, upepo na vumbi. Mkulima wa Rungwe, ambako Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, anaweza kuusoma mwongozo huu kwa udadisi tu. Sisi wa Mufindi na sehemu za Njombe tunauhitaji.

Mwenye ekari moja au mbili akipita kando ya mashamba makubwa mwezi Oktoba na kuona maji yanarushwa juu ya chai ya kijani, wazo la kwanza humjia: ninunue pampu. Mimi nililifuata wazo hilo. Pampu ninayo hadi leo, na kazi yake kubwa sasa ni tofauti kabisa na ile niliyoinunulia. Ndiyo maana naanza na hesabu.

Hatua ya 1: Jua shamba linakunywa kiasi gani

Maji ya shamba hupimwa kwa milimita, kama mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ina mita za mraba karibu 4,047, kwa hiyo milimita moja juu ya ekari ni lita 4,000 na kidogo, yaani madumu 200 ya lita 20.

Chai iliyofunika ardhi yote hutumia kama milimita 2.5 hadi 3 kwa siku wakati wa kipupwe, na 4 hadi 5 kwa siku kuanzia Septemba. Chukua 4. Ekari moja ya chai kubwa inataka lita 16,000 kwa siku, madumu 800, kila siku, kwa miezi mitatu. Hakuna familia inayobeba hayo kichwani, na kisima cha uani hakiyatoi.

Sasa tazama chai changa. Kwa nafasi ya mita 1.2 kwa 0.75, ekari ina miche kama 4,500. Mche wa mwaka wa kwanza ukipewa lita 4 kwa wiki, ekari nzima inataka lita 18,000 kwa wiki. Maji ambayo chai kubwa inayamaliza kwa siku moja, chai changa inakaa nayo wiki nzima. Na chai kubwa ikikosa maji utapunguza mavuno, ilhali mche ukikosa maji utaung'oa ukiwa kuni.

Hatua ya 2: Panga foleni

Kitalu ni cha kwanza, halina mjadala. Miche kwenye viriba ina udongo wa kikombe tu na siku mbili za jua la Oktoba zinatosha kuiua.

Anayefuata ni mche uliopandwa mvua zilizopita, ambao huu ndio ukame wake wa kwanza. Kisha miche ya mwaka wa pili na wa tatu. Halafu, kama maji yamebaki, chai ya vikonyo (iliyooteshwa kwa vipandikizi badala ya mbegu) iliyoanza kuzaa vizuri, tuseme ya mwaka wa nne hadi wa nane. Michai mikongwe ya wazee wetu iwe ya mwisho kabisa. Watafiti wa kituo cha Ngwazi, hapa hapa Mufindi, walishughulika na umwagiliaji wa chai kwa miaka mingi, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba michai iliyokomaa, ambayo mizizi yake imeshuka mita kadhaa, hustahimili ukame mkubwa kabla mavuno hayajaanguka sana. Mchai wa miaka 25 unakunywa mahali ambapo jembe lako halijawahi kufika. Uache.

Watu wengi hufanya kinyume. Humwagilia kipande kilicho karibu na mto au karibu na barabara kwa sababu ndiko mpira unakofika. Ukibaki na neno moja katika mwongozo huu, libaki hili: mpira ufuate foleni, foleni isifuate mpira.

Hatua ya 3: Ziba matundu kabla ya kujaza debe

Kazi hii ifanyike Aprili na Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu. Ukitandaza nyasi mwezi Agosti unafunika udongo ambao umeshakauka.

Kwa chai changa, tandaza majani makavu kati ya mistari, unene wa kiganja kilichosimamishwa kwa ubavu, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina ili lisioze na mchwa wasipate daraja. Majani ya Guatemala, yale manyasi marefu, ndiyo yanayofaa kuliko yote niliyojaribu: hayaozi haraka na hayaoti tena yakikatwa kabla ya kutoa mbegu na kunyaushwa. Kipande kidogo cha Guatemala ukingoni mwa shamba ni akiba ya maji, ingawa hakuna anayekiona hivyo. Kwenye chai iliyopogolewa, matawi yabaki shambani. Najua kuni ni shida, lakini kila mzigo wa mapogoleo unaopelekwa jikoni unaacha udongo uchi mbele ya jua.

Sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa, ing'olewe mpaka mizizi. Ukiifyeka juu juu inashukuru na kurudi, na mizizi yake iko pale pale ilipo mizizi ya mche wako. Kwenye chai kubwa angalia mapengo. Jua likipiga chini kwenye pengo linakausha udongo bure, na magugu yanafanya makazi. Pengo halizibwi kiangazi. Weka alama ya kijiti sasa, ujaze Desemba au Januari.

Upepo wa Septemba na Oktoba hukausha kuliko jua. Mstari wa miti ya migrivelea upande unakotoka upepo unasaidia. Usipande milingoti (mikaratusi) ukingoni mwa chai kwa kusudi hilo. Mlingoti unakua haraka kwa sababu unakunywa haraka, na ile mistari mitatu ya chai iliyo karibu nao itakuonyesha kwa kudumaa.

Hatua ya 4: Chanzo na kibali

Chai iko mlimani, maji yako bondeni, na bondeni kuna watu. Kiangazi ndicho kipindi cha vinyungu, yaani bustani za bondeni: mboga, mahindi mabichi, maharage. Ukishusha pampu kwenye kijito bila kuzungumza na wenye vinyungu walioko chini yako, utakuwa na kesi kabla ya kuwa na chai. Kaeni, mgawane siku au saa. Kama kuna jumuiya ya watumia maji, pelekeni huko.

Kisheria, kuchepusha au kusukuma maji ya mto au chemchemi kwa umwagiliaji kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mufindi na sehemu kubwa ya Njombe kibali hutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Rungwe ni Bonde la Ziwa Nyasa. Lushoto na Korogwe ni Bonde la Pangani. Wakulima wakiomba kama kikundi, mzigo hugawanyika. Na kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi yake, ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Usipande chai mpaka kwenye jicho la chemchemi ukidhani umeongeza mistari.

Pima chanzo mwezi Oktoba. Kijito cha Aprili kinadanganya. Elekeza maji yote kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde, lita 43,200 kwa saa 24. Nusu yake iache ishuke kwa wenzako. Inayobaki, lita 21,600 kwa siku, ikiingia usiku na mchana kwenye tangi inatosha ekari kadhaa za miche.

Hatua ya 5: Namna ya kuyafikisha

Hapa ndipo fedha hupotea, kwa hiyo nitakaa.

*Mserereko kwanza.* Kama kuna chemchemi juu ya shamba, hata ikiwa mbali, gharama ya bomba unailipa mara moja, na baada ya hapo mlima unakufanyia kazi bila petroli. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban bar moja. Kirusha maji kidogo kinataka bar 2, yaani tangi liwe mita 20 juu ya kirusha, na ongeza kidogo kwa ajili ya msuguano ndani ya bomba. Kimo pimeni kwa mpira unaoonyesha ndani, wenye maji, au kwa fundi. Macho hukosea sana kwenye miteremko yetu. Bomba likiwa jembamba mno, presha inaishia njiani.

*Pampu ya petroli.* Maandishi kwenye boksi ni ya pampu iliyokaa sawa na maji. Ukisukuma kupanda mita 30, inachotoa hupungua sana. Pima mwenyewe: weka pipa la lita 200 kule juu shambani, hesabu sekunde. Likijaa kwa dakika moja, ni lita 12,000 kwa saa.

Sasa fanya hesabu ambayo mimi sikuifanya. Kuipa ekari moja ya chai kubwa milimita 50 ni lita 202,000. Kwa pampu hiyo ni saa 17, petroli kama lita 20. Katika milimita 50 zinazorushwa, tuseme 40 ndizo zinafika kwenye mizizi. Majaribio ya Ngwazi kwenye chai ya vikonyo iliyotunzwa vizuri yalipata takriban kilo 2 hadi 3 za chai kavu kwa hekta kwa kila milimita. Chukua 2.5. Kwa ekari, milimita 40 zinakupa kama kilo 40 za chai kavu, sawa na kilo 180 hivi za majani mabichi. Gawa kwa lita 20: kila lita ya petroli inarudisha kilo 9 za majani.

Chukua bei ya petroli ya leo pale mnapopima, igawe kwa bei ya kilo moja ya majani kiwandani kwako. Ikitoka 9 au zaidi, unachoma fedha. Hata ikitoka 6, bado hujalipa mbolea, mchumaji na kijana wa kuhamisha mabomba. Na hizo kilo 9 ni kwa shamba lenye mbolea ya kutosha. Ndiyo sababu pampu yangu siku hizi inajaza tangi la chai changa mara moja kwa wiki na kurudi stoo.

Kama kijito chako kina poromoko dogo na maji mengi, ulizia pampu inayosukumwa na maji yenyewe. Inainua sehemu ndogo tu ya maji yanayopita, polepole, mchana na usiku, bila mafuta.

*Matone.* Mpira wa matone mmoja kila mstari unafaa sana chai changa, na unafanya kazi kwa presha ndogo. Lakini ujue adui zake: jembe la palizi, panya, na maji yenye kutu nyekundu yanayoziba matundu. Weka chujio kwenye mlango wa mfumo na ulioshe kila unapofungua maji. Kila baada ya wiki mbili fungua ncha za mipira zote, acha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi. Tembea mstari mzima; mche uliosinyaa katikati ya wenzake wenye afya una tundu lililoziba.

*Kopo na ndoo.* Kwa miche mia chache usidharau. Chimba kisahani kidogo upande wa juu wa mche, mimina lita 2, nenda kwa wengine, kisha rudi umalize lita 2. Ukimimina zote kwa pamoja, nusu inateremka. Lita 4 mara moja kwa wiki zinafaa kuliko nusu lita ya kila siku, ambayo inalowesha vumbi tu na kuzoesha mizizi kukaa juu.

Hatua ya 6: Daftari la deni

Udongo ni kama duka la mkopo. Mvua ya mwisho kubwa inapoisha, kwa kawaida katikati ya Mei, deni ni sifuri. Kila siku shamba linakopa. Mvua au maji yako yanalipa.

Weka kipima mvua sehemu wazi. Kopo lenye pande zilizonyooka na rula vinatosha. Katika daftari andika safu nne: tarehe, matumizi, kilichoingia, deni. Matumizi usiyapime, tumia 2.5 kwa siku Juni na Julai, 3 Agosti, 4 Septemba, 4.5 Oktoba na Novemba. Mfano: deni la jana 62, matumizi ya leo 4, mvua hakuna, deni la leo 66. Ukirusha maji na yakaingia milimita 30, deni 36.

Chai ya mwaka wa nne hadi wa nane mimi huiacha ifike 80 au hata 100 wakati wa kipupwe, na kuanzia Septemba najitahidi lisizidi 70. Usijaribu kulipa deni lote. Acha nafasi ya milimita 20 au 30 ili mvua ya ghafla isipite bure. Daftari pia hutia chumvi kadiri ukame unavyozidi, kwa sababu mchai wenye kiu hupunguza kunywa. Kwa chai changa, ambayo haijafunika ardhi, daftari hili halifai. Huko tumia mkono: chimba kwa koleo jembamba hadi sentimita 30, kando ya mche, ufinye udongo. Ukifanya tonge linaloshika, subiri. Ukimeguka kwenye kidole, mwagilia. Ukiwa vumbi, umechelewa wiki nzima.

Hatua ya 7: Lini

Mwaka wangu wa kwanza wa pampu nilianza kumwagilia Juni kwa bidii, nikingoja machipukizi. Hayakuja. Mzee jirani alisimama kwenye ngazi ya shamba, akanitazama, akasema, "Mwanangu, unaunywesha mti uliolala." Alikuwa sahihi. Chipukizi la chai halikui joto likiwa chini ya nyuzi 12 au 13 hivi, na usiku wa Julai hapa ni baridi kuliko hapo. Maji ya Juni hayaleti majani ya Juni. Faida ya maji iko Septemba hadi Novemba, joto linapopanda na udongo ukiwa mkavu.

Lakini usilale mpaka Septemba. Deni likikua bila kuguswa, katikati ya Mei hadi mwisho wa Agosti linaweza kupita milimita 250, na mfumo mdogo haulipi hilo tena. Anza deni likifika 100 hivi, polepole, ili joto likukute deni likiwa la kubebeka.

Oktoba kuna mtego mwingine. Utaona udongo una maji, mbolea ipo, na bado machipukizi yanajikokota na kudumaa. Hewa kavu mno huzuia ukuaji hata mizizi ikiwa na maji. Ukiongeza maji mara mbili kwa hasira unayapoteza. Shikilia ratiba.

Saa za kurusha ni usiku au alfajiri, kabla ya upepo. Mchana upepo unapeleka maji yako kwa jirani.

Hatua ya 8: Jaribio la makopo

Fanya mara moja kwa mwaka kama unatumia virusha maji. Tafuta makopo 16 ya aina moja, yapange mistari minne ya makopo manne kati ya virusha viwili, juu ya vijiti vinavyozidi kimo cha chai. Rusha saa moja. Pima kila kopo kwa rula.

Tuseme wastani wa yote ni milimita 12. Chukua manne yenye maji machache kabisa. Wastani wake ni 8. Gawa 8 kwa 12, ni asilimia 67. Hiyo ni mbaya: ili kona kavu ipate milimita 30 itabidi sehemu nyingine ipate zaidi ya 45. Chini ya asilimia 75, tafuta sababu. Mara nyingi ni presha ndogo, pua ya kirusha iliyolika, au virusha vilivyotenganishwa mno ili kuokoa mabomba. Ukiona maji yanateremka juu ya ardhi kabla hujamaliza, punguza saa, urudie kesho yake.

Hatua ya 9: Mbolea na mikono ya wachumaji

Maji bila mbolea ni kunawa bila kula. Kama hukuweka NPK ya kutosha msimu wa mvua, elekeza fedha za petroli huko kwanza. Usimwage mbolea juu ya udongo mkavu. Iweke siku ya kumwagilia, au ngoja mvua.

Chai iliyomwagiliwa Septemba hadi Novemba huchipua wakati kiwanda hakina majani, ndiyo faida ambayo watu huisahau. Mvua zikianza, mashamba yaliyokauka hulipuka kwa pamoja, magari yanajaa, majani yanalala kituoni. Lakini lazima mzunguko wa kuchuma ufuate ukuaji: Oktoba pengine kila siku 12 hadi 14, joto na unyevu vikikutana, siku 7 hadi 10. Ukipitisha, majani mawili na chipukizi yanageuka manne, na maji yote uliyopandisha mlimani yanakataliwa kwenye mizani.

Mvua ya kwanza ya Novemba ikija, nenda kwenye kipima mvua kabla ya kufunga mabomba. Milimita 10 dhidi ya deni la 70 ni siku mbili tu za Oktoba. Endelea hadi deni lishuke chini ya 30 kwa mvua zenyewe. Halafu toa petroli yote kwenye tangi na kabureta, kunja mipira ya matone na uitundike juu, panya wasiifikie.